Tabaka Lililokosekana: Kisa cha Plastiki za Magoti ya Exactech

Tarehe 7 Februari 2022, kampuni ya Exactech ya Gainesville, Florida, iliwaandikia madaktari wa upasuaji wa mifupa nchini Marekani barua ambayo hakuna daktari anayependa kuipokea. Sehemu kubwa ya plastiki za magoti bandia na za vifundo bandia vya miguu ilizotengeneza tangu mwaka 2004 zilikuwa zimefungwa kwenye mifuko isiyolingana na viwango ambavyo kampuni yenyewe ilijiwekea. Hesabu iliyotolewa ilikuwa ya plastiki 147,732 zilizokwisha kuwekwa miilini mwa watu nchini humo, takriban asilimia 80 ya zote zilizowekwa katika kipindi hicho. Kati ya hizo 60,926 zilikuwa za mfumo wa Optetrak, 60,518 za Optetrak Logic, 24,727 za Truliant, na 1,561 za kifundo cha mguu kiitwacho Vantage.

Tatizo lilikuwa mfuko. Mtu asiye wa fani akisikia hivyo huuliza swali la haki kabisa: mfuko hutupwa siku ya upasuaji, sasa unawezaje kuharibu goti miaka kadhaa baadaye? Jibu la swali hilo ndilo linaloeleza pia kwa nini hitilafu hii ilikaa miaka 17 kabla ya kutajwa kwa jina lake.

Tuanze na kilichomo ndani ya goti lenyewe. Mwisho wa mfupa wa paja huvikwa kofia ya chuma, kwa kawaida mchanganyiko wa kobalti na kromi uliong'arishwa. Juu ya mfupa wa muundi hukaa bamba la chuma lililoshikwa kwa saruji ya mifupa. Katikati yao huchomekwa kipande cha plastiki kinachofanya kazi iliyokuwa ikifanywa na gegedu. Plastiki hiyo ni polietilini ya aina ya pekee, yenye minyororo mirefu mno hivi kwamba uzito wa molekuli yake huhesabiwa kwa mamilioni. Mwingereza John Charnley ndiye aliyeanza kuitumia, kwenye nyonga, mwaka 1962 pale hospitali ya Wrightington, Uingereza, baada ya Teflon aliyoitegemea mwanzoni kusagika vibaya ndani ya wagonjwa wake. Zaidi ya miaka 60 imepita na bado hakuna kilichoiondoa kwenye nafasi yake.

Kabla ya kuingizwa mwilini lazima plastiki iuliwe vijidudu, na njia iliyozoeleka kwa miongo mingi ni mionzi ya gama, kwa dozi ya kilogrei 25 hadi 40. Mionzi hiyo haiui bakteria tu. Inakata pia minyororo ya polietilini, na kila panapokatika hubaki radikali huru, yaani ncha iliyo tayari kushikana na chochote kitakachoifikia. Ikikutana na ncha nyenzake, minyororo hufungamana na plastiki huwa ngumu zaidi kusagika; hiyo ni faida. Ikikutana na oksijeni, minyororo hukatika vipande vifupi zaidi, plastiki hukakamaa na kupoteza unyumbufu wake, na mmenyuko wenyewe huzaa radikali nyingine zinazouendeleza. Haufanyiki kwa siku moja. Unatambaa kwa miaka, hata plastiki ikiwa imekaa tu kwenye rafu ya stoo bila kuguswa na mtu.

Haya yote yalikuwa yanajulikana. Hadi katikati ya miaka ya 1990 viwanda vingi vilipiga mionzi plastiki zikiwa ndani ya vifungashio vyenye hewa ya kawaida. Maabara zilizokusanya viungo vilivyotolewa kwa wagonjwa, ile ya Chuo cha Dartmouth ikiwa miongoni mwa zilizojulikana zaidi, zilizikata plastiki hizo vipande vyembamba na kukuta mstari mweupe unaopita chini kidogo ya uso, milimita moja au mbili ndani. Mstari huo ulikuwa ukanda wa plastiki iliyooza kwa oksijeni. Juu yake plastiki inaonekana nzima, chini yake ni nzima, na katikati pana tabaka linalokatika kwa kuguswa.

Kwa nyonga, ukanda huo ni tatizo. Kwa goti ni tatizo kubwa zaidi, na sababu ni umbo la mgusano. Nyonga bandia ni mpira ndani ya kikombe, na mzigo unatawanyika eneo pana. Goti ni mviringo wa chuma unaobingirika juu ya plastiki iliyo karibu tambarare, kwa hiyo mzigo unabebwa na eneo dogo. Kila hatua ya kutembea hulishushia goti nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili, kwenye ngazi huzidi hapo, na hesabu inayotumiwa kwenye majaribio ya maabara ni kwamba mwaka mmoja wa maisha ya kawaida ni sawa na mizunguko milioni moja. Mkazo wa mgusano unaweza kukaribia au kupita kiwango ambacho polietilini huanza kulegea na kutorudi umbo lake. Mbaya zaidi, mkazo wa kukata, yaani ule unaotaka kutelezesha tabaka moja la plastiki juu ya jingine, hauwi mkubwa usoni pa plastiki. Unafikia kilele chake milimita moja hadi mbili chini ya uso, yaani pale pale ulipo ukanda mweupe.

Sadfa hiyo ndiyo moyo wa kisa hiki. Nguvu za goti na udhaifu wa kemia zinakutana kwenye kina kilekile. Ufa huanzia ndani, unakimbia sambamba na uso, kisha kipande kinabanduka. Ndiyo maana nyonga iliyochakaa hutoa vumbi laini lisiloonekana kwa macho, ilhali goti lenye plastiki iliyooksidika hutoa vumbi hilo na magamba pamoja.

Wabunifu wa magoti wamekuwa wakipambana na mkazo huu tangu miaka ya 1970. Ukiichimba plastiki iwe bakuli linalolikumbatia chuma, mkazo unashuka, lakini nguvu za kuzunguka zinahamia kwenye bamba na saruji, na bamba linalegea. Ukiiacha tambarare, goti linapata uhuru wa kujikunja, lakini plastiki inabeba adhabu. Mwaka 1986 mhandisi Donald Bartel na wenzake walionyesha kwa hesabu kwamba unene nao una neno: plastiki nyembamba kuliko milimita 6 hadi 8 hupata mkazo unaopanda kwa kasi. Kuna waliojaribu plastiki inayoteleza juu ya bamba ili mambo yote mawili yapatikane. Kila goti sokoni ni suluhu ya mvutano huo, na Optetrak, iliyotokana na ukoo wa magoti ya Hospital for Special Surgery ya New York, haikuwa na umbo la ajabu wala la kizembe.

Baada ya somo la miaka ya 1990, watengenezaji waligawanyika njia mbili. Wengine waliitibu plastiki yenyewe: waliipiga mionzi mingi zaidi, kisha wakaiyeyusha ili radikali huru ziishe, au baadaye wakaichanganya na vitamini E izimeze. Wengine walibaki na polietilini ya kawaida lakini wakaifunga mahali pasipo na oksijeni, kwenye gesi isiyomenyuka au kwenye mfuko ulionyonywa hewa. Kwa goti, njia ya pili ilikuwa na mantiki yake. Plastiki iliyofungamanishwa sana husagika kidogo lakini huvumilia nyufa vibaya zaidi, na baadhi ya magoti yana kijiti cha plastiki kinachosimama katikati kuzuia goti lisiteleze nyuma. Kijiti hicho kikivunjika, mgonjwa anarudi thieta. Kwa hiyo simlaumu mbunifu aliyesema bora tubaki na plastiki tuliyoizoea.

Ila uamuzi huo una gharama ambayo haionekani kwenye mchoro wa goti. Ukishaamua kuacha radikali huru ndani ya plastiki, mfuko haubaki kuwa kifungashio. Unakuwa sehemu ya ubebaji wa mzigo, kwa maana kwamba usalama wa kipande kinachobeba uzito wa mtu umewekwa mikononi mwa utando usiofikia hata milimita moja. Sehemu kama hiyo ilistahili kupimwa kwa ukali uleule wa chuma na saruji. Kwa maoni yangu hapo ndipo kosa la msingi lilipo, kabla hata ya mfuko wenye kasoro wa kwanza kutoka kiwandani.

Mfuko ulioainishwa na Exactech ulitakiwa kuwa na tabaka la ethilini vinaili alkoholi, linalofupishwa EVOH. Si kitu cha siri. Ni nyenzo ileile inayowekwa kwenye vifungashio vya nyama na michuzi ili chakula kisiharibike, kwa kuwa oksijeni hupenya ndani yake kwa shida sana. Mifuko iliyotumika tangu 2004 ilikuwa na nailoni, ambayo nayo huzuia oksijeni kwa kiasi, bali tabaka la EVOH halikuwamo. Mifuko ya namna hiyo ukiishika mkononi huwezi kuitofautisha na iliyo sahihi. Inanyonywa hewa vilevile, inashikamana na plastiki vilevile, inapita ukaguzi wa macho vilevile. Ili ujue tofauti ni lazima upeleke utando maabara au upime kasi ya oksijeni kupenya.

Sasa fikiria stoo. Plastiki za goti huja kwa saizi nyingi na kwa unene tofauti. Saizi za katikati zenye unene wa kawaida hutoka haraka. Inayoingia mwezi huu huenda ikawa ndani ya mtu kabla ya mwaka kwisha. Saizi za pembeni, ndogo sana, kubwa sana au nene sana, hukaa zikisubiri mgonjwa wa kuziingia. Katika mfuko unaopenyeza oksijeni, plastiki iliyokaa miezi sita na iliyokaa miaka sita si bidhaa moja tena, ingawa lebo zinafanana na tarehe ya mwisho ya matumizi haijafika kwa yoyote kati yao. Daktari mmoja anaweza kuwafanyia watu wawili upasuaji wiki moja, kwa goti la aina moja. Mmoja anatembea miaka 15 bila shida, mwingine anaanza kuvimba mwaka wa sita. Hakuna mpangilio unaojitokeza.

Na pasipo na mpangilio, kila goti lililoharibika hupata maelezo yake binafsi. Huyu ana uzito mkubwa. Yule bamba lake liliwekwa kwa nyuzi mbili tatu za mwinamo. Wa tatu alirudi shambani mapema. Saruji haikuingia vizuri. Kila moja ya sababu hizo ni ya kweli kitabibu, na huenda katika baadhi ya wagonjwa ndiyo iliyokuwa sababu hasa. Ugumu ni kwamba zote zilikuwa sababu za kutosha, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kutafuta nyingine.

Zipo nchi zilizo na rejista za taifa zinazoandika kila kiungo bandia kinachowekwa na kila kinachotolewa, na huko dalili zilionekana. Barua ya Februari 2022 yenyewe ilikiri kwamba rejista za Australia, Uingereza na New Zealand zilionyesha Optetrak ikirudiwa upasuaji kwa viwango vya juu kuliko magoti mengine. Katika rejista ya Australia, sababu za marudio zinazohusiana na kusagika kwa plastiki, zikiwemo kulegea, mfupa kulika na maumivu, ziliongezeka mara tatu hadi saba pale Optetrak ilipotumika na bamba moja mahususi la muundi. Ukitazama takwimu hiyo kwa haraka utasema bamba ndilo bovu. Pengine lilikuwa na mchango wake. Lakini hapa pana mtego wa kitabibu ambao mtu akiuelewa atazisoma takwimu za viungo bandia kwa macho mengine.

Vumbi la plastiki likishaingia kwenye maji ya goti, seli za kinga hulimeza. Haziwezi kulisaga, kwa hiyo hubaki zikitoa kemikali za uvimbe, na kemikali hizo huamsha seli zinazokula mfupa. Mfupa unaolizunguka bamba unatoboka taratibu, bamba linakosa pa kushika, linaanza kucheza. Mgonjwa anafika kliniki na bamba lililolegea. Fomu ya rejista inauliza sababu ya marudio, daktari anaandika: kulegea. Ameandika ukweli. Ila kulegea ni hatua ya mwisho ya mlolongo ulioanzia kwenye plastiki, na mlolongo huo ulianzia kwenye rafu. Kwenye fomu hakuna kisanduku cha mfuko.

Picha ya mgonjwa wa aina hii hujirudia. Goti lilikuwa zuri kwa miaka, kisha linaanza kujaa maji bila kuanguka wala kuumia. Halina joto kali, mgonjwa hana homa. Daktari mwangalifu kwanza huvuta maji hayo na kuyapeleka maabara, maana maambukizi ya polepole hujificha kwa sura hiyohiyo. Yakirudi safi, anapiga eksirei mgonjwa akiwa amesimama, kwa kuwa akilala nafasi kati ya vyuma haisemi kweli. Nafasi ya upande wa ndani wa goti imepungua kuliko ya nje. Eksirei ya kawaida huficha mashimo yaliyo nyuma ya chuma, na hapo kipimo cha CT huonyesha mfupa umekwenda zaidi ya ilivyodhaniwa. Goti likifunguliwa, utando wake umenenepa na kubadilika rangi. Plastiki imepata umanjano, uso wake una vishimo, na upande uliobeba mzigo zaidi umebanduka magamba ambayo unaweza kuyainua kwa ncha ya koleo. Wakati mwingine kijiti cha katikati kina ufa kwenye shina.

Kampuni ilifika kwenye tamko la Februari 2022 kwa awamu. Juni 2021 ilianza na plastiki za nyonga za Connexion GXL zilizokuwa zikisagika mapema. Agosti 2021 ikatangaza kuondoa sokoni plastiki za magoti na vifundo kwa sababu ya mifuko, ikianza na zilizokaa muda mrefu zaidi. Februari ikasema zote, bila kujali lebo wala umri. Agosti 2022 nyonga zilizofungwa kwenye mifuko hiyo nazo zikaingia. Januari 2024, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ikatoa tahadhari kuhusu mabega bandia ya Equinoxe yaliyofungwa kwenye mifuko yenye kasoro ileile. Kuanza na zilizokaa sana kulikuwa na mantiki ya kikemia, lakini kuliwaacha madaktari kwa miezi wakiweka plastiki "changa" kutoka mifuko ambayo tayari ilijulikana si sahihi. Hilo sioni linavyoweza kutetewa.

Kwa wagonjwa wasio na dalili, FDA ilisema wasitolewe goti linalofanya kazi vizuri. Wapo waliokasirishwa na ushauri huo. Naona ulikuwa sahihi. Upasuaji wa marudio hubeba hatari kubwa ya maambukizi kuliko wa kwanza, hula mfupa zaidi, na matokeo yake kwa wastani ni duni. Kumfungua mtu anayetembea vizuri kwa sababu ya namba kwenye orodha ni kumbadilishia hatari asiyoihisi kwa hatari ya hakika. Kinachofaa ni kumwita kila baada ya muda kwa eksirei ya kusimama, akiwa amefahamishwa, maana mfupa hulika bila kuuma na maumivu yakisubiriwa huwa tumechelewa.

Hilo linawezekana tu ukijua mtu ana nini ndani yake, na mfuko wenyewe ulishaingia kwenye pipa la thieta. Kinachobaki ni stika: kila sanduku la kiungo bandia huja na stika ndogo zenye jina la kifaa, saizi na namba ya toleo, na moja hubandikwa kwenye faili. Kwa mgonjwa wa Marekani faili hilo hupatikana. Kwa mtu wa kwetu aliyebadilishiwa goti India akarudi Dar es Salaam au Mombasa na karatasi ya kutokea hospitali tu, swali "goti langu ni la kampuni gani?" laweza kukosa jibu. Ukienda kwa upasuaji huo, au ukimpeleka mzazi, omba nakala ya stika siku ya kuruhusiwa. Hospitali nzuri haitashangaa.

Kesi za kisheria zilikusanywa Oktoba 2022 kwenye mahakama moja ya shirikisho mjini Brooklyn, na nani alijua nini na lini ni mambo yaliyobishaniwa huko. Zilipopita elfu mbili, Exactech iliomba ulinzi wa kufilisika jimboni Delaware, tarehe 29 Oktoba 2024, ikitangaza pamoja na hilo mpango wa kuuzwa kwa kundi la wawekezaji.

Walioshangilia hatua hiyo kama adhabu walisahau jambo moja la kiufundi. Plastiki ya goti hushikana na bamba lake kwa kufuli la vipimo vya kampuni husika. Ya kampuni nyingine haiingii. Mgonjwa ambaye plastiki imechakaa lakini vyuma vyake bado vimeshika vizuri anaweza kufunguliwa, akavutwa plastiki ya zamani, akachomekwa mpya kutoka mfuko sahihi, na akafungwa. Ni upasuaji mfupi, mfupa hauguswi. Plastiki ya aina hiyo ikikosekana sokoni, daktari atalazimika kung'oa kofia na bamba vilivyo imara, kuvunja saruji pamoja na mfupa ulioshikamana nayo, na kuweka goti la kampuni nyingine lenye mashina marefu. Kwa hiyo katika mazungumzo yote ya wadai na wanunuzi, swali lililowahusu zaidi watu wenye Optetrak miilini mwao lilikuwa kama kiwanda kitaendelea kutoa saizi zao, zikiwemo zile za pembeni zinazokaa stoo miaka mingi na zisizomletea mwekezaji faida ya maana.